Kumtafuta Malkia wa Majimoto

Siku niliyoagwa kwenye kituo chetu cha utafiti wa mikorosho, baada ya pilau na kabla ya hotuba, binti mmoja wa kitengo cha wadudu aliniuliza mbele ya wote: "Mzee Anselmi, sasa habari za malkia tutamwuliza nani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu kwamba nyumba yangu ya Magomeni, hapahapa Mtwara, iko wazi kwa mtu yeyote wa kazi, lakini kijana aliyekaa nyuma yake akaniwahi. "Si yupo Mzee Selemani kule Mikindani?" Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanywa soda.

Naandika kurasa hizi kwa ajili ya swali la yule binti, maana siku ile halikujibiwa ipasavyo. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vimo kwenye mafaili na havijawahi kuufanya mkorosho wowote uzae. Nitaeleza kazi ya majimoto kama nilivyoikuta, jinsi tulivyoifanya watu wawili, na jinsi jambo moja nililolijua peke yangu lilivyoacha kuwa langu.

Nilifika Mtwara kutoka Njombe nikiwa na mke, watoto wawili na sweta. Sweta ndilo lililokuwa la kwanza kuonekana halina kazi. Shuleni niliishia darasa la nane; yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, na kila nilichokisoma nilikwenda kukihakikisha mtini. Shamba letu la majaribio lilikuwa upande wa Mtawanya, mji unapoishia na mikorosho inapoanza. Nilifika mapema, viatu vimepigwa rangi. Selemani, ambaye alikuwa anaanza kazi siku hiyohiyo, alifika kwa baiskeli kutoka Mikindani akiwa amechelewa, na kikapu cha vitumbua vya mama yake. Akavigawa kabla hajaulizwa jina. Wakati wa chai alikuwa anajua watoto wa mlinzi wanasoma wapi. Mimi nilijua chumba cha vifaa kilipo, kwa sababu nilikuwa nimesoma kibao.

Aliyetufundisha ni Bwana Chilumba, Mmakonde wa kule uwandani, mwenye chale usoni na suruali iliyochomekwa ndani ya soksi. Kiswahili alikisema vizuri, ila penye m mara nyingi alitia n. Alitupeleka chini ya mkorosho mkubwa, akatuambia tushike tawi, kila mtu lake, na tusiachie mpaka aseme.

Majimoto ni chungu, jamii ya sisimizi, wekundu, wembamba, wenye haraka. Wanaishi juu ya miti katika viota vya majani mabichi waliyoyashona kwa nyuzi. Wanang'ata, kisha wanatemea maji yao makali pale walipong'ata. Jina lao halihitaji maelezo zaidi. Wakapanda mikono yetu. Mimi nikaanza kuwafuta na kuwaponda kwa kidole, mmoja mmoja, kwa utaratibu.

"Huyo unayenponda," Bwana Chilumba akasema, "ni nfanyakazi nwenzio. Tena alianza kazi hapa kabla yako."

Selemani hakuponda. Alikuwa amefumba macho, majimoto wanamwingia shingoni, naye akawa anazungumza nao: "Karibuni, wenyeji wangu, karibuni. Lakini huko mnakoelekea siko, huko kuna mke mwenye madai yake."

Bwana Chilumba alicheka mpaka akashika mti. Tangu siku ile Selemani akawa "mwanangu". Mimi niliitwa Bwana Anselmi, kwa heshima zote, mpaka yule mzee alipostaafu.

Sasa kazi yenyewe. Adui wa mkorosho huku kwetu ni mdudu mwembamba tunayemwita mbu wa mikorosho. Si mbu, anafyonza mmea, si mtu. Akichoma chipukizi, chipukizi linakauka na kuwa jeusi kama limepitiwa na moto, na maua yanakwenda njia hiyohiyo. Majimoto wanamwinda mdudu huyu usiku na mchana, bila bomba wala dawa. Mti nao unawapa majani ya kujengea na utamutamu unaotoka kwenye majani machanga na vitumba vya maua. Bwana Chilumba alitukataza kuuita urafiki. "Hapa hakuna mapenzi," alisema. "Kuna haja mbili zimekutana."

Alitueleza kwamba viumbe huishi pamoja kwa namna nyingi. Kuna kupe na ng'ombe, mmoja anapata na mwingine anapoteza. Hiyo kila aliyehudhuria mkutano wa kijiji miaka ile alikuwa ameshahutubiwa. Kuna majimoto na mkorosho, wote wanapata. "Halafu kuna yangeyange, yule ndege mweupe. Anatembea na ng'ombe. Ng'ombe akikanyaga nyasi panzi wanaruka, yangeyange anakula. Ng'ombe hapati kitu, hapotezi kitu. Hajui hata kama yupo." Nililiweka hilo kichwani na sikudhani lingenihusu.

Vifaa vilikuwa vichache. Ngazi ya mianzi. Mkasi wa mpini mrefu. Mifuko ya karatasi iliyokuwa ya saruji, ambayo ndiyo bora kuliko gunia, kwa sababu gunia lina matundu na majimoto watakuwa mabegani kwako kabla hujafika chini. Majivu makavu ya kujipaka mikononi. Kamba za katani za kufunga kutoka mti hadi mti, ili wapite juu bila kushuka chini ambako sisimizi weusi wanawavizia. Ukihamishia viota kwenye mti usio na majimoto na ukafunga kamba vizuri, baada ya muda mfupi mistari mizima ya miti inalindwa.

Kuna masharti mawili. La kwanza: usichanganye koo. Majimoto wa ukoo mmoja wanaweza kukalia miti mingi na wakajuana wote. Wa ukoo mwingine, hata wa mti wa jirani, ni adui wa kuuawa. Ukitaka kujua, mchukue mmoja umweke kwenye tawi la wenzake unaowashuku. Wakimgusa kwa vipapasio wakamwacha apite, ni ndugu. Wakimshika miguu sita kila mmoja akavuta upande wake, umepata jibu. Sharti la pili: ukoo mzima una malkia mmoja, katika kiota kimoja kati ya vyote. Ukihamisha viota na yeye akabaki, wale uliowahamisha watafanya kazi vizuri kwa mwezi au miwili, kisha watapungua mpaka waishe, kwa sababu hakuna anayetaga.

Kumpata malkia hakuna aliyekuwa anajua kwa uhakika. Bwana Chilumba mwenyewe alikata viota vyote vya mti na kuomba Mungu. Mimi nilianza kubaki shambani baada ya saa za kazi. Nilipanda, nikakaa, nikaangalia. Ilinichukua misimu kadhaa. Kiota cha malkia si kile kikubwa. Mara nyingi ni cha wastani, kiko juu, nyuzi zake nzito na nyeupe. Lakini alama yenyewe ni hii: ukigonga tawi kwa kucha, kwenye viota vya kawaida majimoto wanatoka mbio kukukabili. Kwenye kiota cha malkia, wengi wanaingia ndani. Wanakwenda kumfunika.

Nilipofungua kiota cha kwanza kwa alama hiyo nikamkuta, mnene, wa kijanikijani, wenzake wamemrundikia, nilishuka na kumpelekea Bwana Chilumba. Alimtazama kwa muda mrefu. "Eeh," alisema. Kisha akamwita Selemani aje naye aone, akamwekea mkono begani wakati anamwonyesha.

Alama ile sikumwambia mtu. Hakuna aliyeuliza nimejuaje. Walisema Bwana Anselmi ana bahati. Selemani alikuwa na yule mzee, alikuwa na wapishi, madereva na akina mama wote kuanzia Mikindani hadi Ziwani. Kila tulipokwenda vijijini mimi niliwekewa kiti barazani na sahani yangu peke yangu, kama mkaguzi, na yeye nilimsikia yuko uani anakuna nazi na kuulizwa ataoa lini mke wa pili. Mimi nilikuwa na malkia. Niliona ni haki.

Tulitumwa kijiji cha Ziwani baada ya watu wa vitongoji kuhamishiwa huko. Mikorosho iliyokuwa karibu na nyumba mpya ilifanywa shamba la kijiji. Mingine iliachwa mbali na wenyewe, ikamezwa na pori. Hiyo ya kijiji nayo ilikuwa imekaushwa na mbu wa mikorosho, chipukizi nyeusi kila mahali. Halmashauri ya kijiji ilikuwa imeamua: msimu huu maua yakiungua tena, miti inakatwa inakuwa mkaa, panalimwa mihogo. Bwana Chilumba alikuwa amebakiza msimu huohuo kazini, na alitueleza wazi kwamba atakayeiponya Ziwani ndiye atakayemwachia kazi ya majimoto. Mwingine angeshika pampu za dawa. Nilimtazama Selemani. Naye alikuwa ananitazama, anatabasamu, kama kawaida yake.

Mimi nilileta viota kutoka mti wangu wa Mtawanya, na malkia nilikuwa na hakika yumo. Selemani alileta vyake kutoka shamba la mjomba wake Mikindani. Alikuwa amekata viota vyote vya mti, kwa mtindo wa yule mzee. Tulipanga yeye achukue mistari ya upande wa barabara, mimi ya upande wa kisima, na katikati tuache miti mitupu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwadilifu aliyelima kuliko wote, alitusikiliza mpaka mwisho mbele ya mkutano.

"Ndugu mabwana shamba," alisema, "kijiji hiki hakina mstari wa Selemani na mstari wa Anselmi. Huko kwa kila mtu na chake tumeshatoka. Majimoto wote watiwe kwenye miti yote, wafanye kazi pamoja."

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "hao ni koo mbili. Wakikutana watauana."

"Watazoeana. Sisi hapa tumetoka vitongoji mbalimbali na tumezoeana."

"Nani amezoeana?" Sauti ilitoka nyuma kwa akina mama. Alikuwa Bi Somoe, mjane aliyejulikana kwa ulimi wake na kwa pombe yake ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. "Waulizeni majirani zangu kuku wangu yuko wapi."

Watu walicheka, lakini uamuzi ulipita. Nilitaka kusimama tena na kueleza habari ya miguu sita. Selemani akanivuta shati. "Kaa, Bwana Anselmi. Ukimshinda leo mbele za watu, kesho miti inakatwa."

Tukawachanganya. Kabla ya jua kuwa kali, vita vilikuwa vimeanza kwenye kila mti. Walikuwa wanaanguka kama makapi, wameshikana wawiliwawili na watatuwatatu, na chini ya miti udongo ukawa mwekundu na unatembea. Nilizunguka nikitazama na siwezi kufanya lolote. Ukishawachanganya hakuna kuwatenganisha. Vilidumu siku kadhaa. Walionusurika walipoanza kushona majani mapya, nilikwenda Mtawanya, nikachukua wachache waliobaki kwenye mti wangu wa awali, nikaja nao ndani ya kibiriti na kumweka mmoja kwenye tawi la Ziwani. Wakamgusa kwa vipapasio. Wakamwacha apite.

Walikuwa wangu. Nikafunga kibiriti, sina wa kumwambia.

Katika mkutano uliofuata Mwenyekiti aliwaonyesha watu miti iliyotulia. "Mmeona?" alisema. "Wamezoeana."

Ningesahihisha, ila kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Akina mama walikuwa wanaokota mabibo chini ya miti ile, na majimoto hawachagui. Bi Somoe alikuja na mwenge wa makuti mkononi, wenzake nyuma yake. "Wadudu wenu wameniuma hadi nimemsahau marehemu," alisema. "Leo nawachoma, kisha mtatafuta wa kuwapa pole."

Mimi nilianza kumweleza uhusiano wa majimoto na mbu wa mikorosho. Nilikuwa nimefika kwenye chipukizi aliponigeuzia mgongo.

Selemani aliketi chini, palepale kwenye mchanga. "Mama, choma," alisema. "Lakini kwanza niambie mwaka jana ulipata mabibo mangapi."

"Mwaka jana? Mwaka jana nilipata majani makavu."

"Na mwaka huu umeumwa ukiokota nini?"

 Bi Somoe akautazama mwenge, akamtazama Selemani. "Mtoto wa Mikindani wewe," alisema, "mama yako alikulisha nini, ulimi wa kasuku?"

Walikubaliana. Kuokota kulifanywa alfajiri, kabla umande haujakauka, majimoto wakiwa bado wazito. Majivu ya kupaka miguuni yalitoka kwenye majiko yao wenyewe. Viota vya matawi ya chini nilivikata mimi na kuvifunga juu. Mwenge haukuwashwa, na hakuuzuia mtu mwingine isipokuwa yeye. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda kuliandika. Maua ya msimu ule hayakuungua, mikorosho haikukatwa. Shamba lile kijiji kililipa jina, na mpaka leo ukipita ukiuliza utaelekezwa: Kwa Sele.

Majimoto waliolinda shamba la Kwa Sele, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, walitoka kwenye kiota nilichokigonga mimi kwa kucha. Nilimweleza Bwana Chilumba, pamoja na habari ya kibiriti.

"Najua," alisema. "Wa nwanangu walikufa wote. Aliniambia nwenyewe."

"Basi kazi ni yangu."

Alivuta soksi zake juu. "Bwana Anselmi, wewe unampata malkia. Yeye anapata pa kunweka. Nikimwachia mmoja, kazi itakufa kwa mwezi au miwili. Mtafanya wote." Kisha akaenda kumtafuta Selemani ili aagane naye kwa chai. Niliwaona kupitia dirishani.

Kwa hiyo tulifanya wote. Miaka mingi tulikwenda pamoja, mimi juu ya ngazi na yeye chini ameshika mfuko wa saruji. Mimi nilikuwa nagonga matawi, yeye alikuwa anazungumza na wenye shamba. Nikisema "huyu hapa" alifungua mfuko. Hakuwahi kuniuliza nimejuaje. Niliuchukulia ukimya wake kama uvivu wa akili, na ulinipa raha fulani.

Baadaye alipelekwa peke yake kwenye vijiji vya huko mto Ruvuma unapoingia baharini. Nilingoja habari za kushindwa. Miezi miwili ikapita, mitatu, watu wakija kutoka huko wanasema majimoto wa Bwana Selemani wanashona tu. Nilisema ni bahati. Ikatokea kijiji cha pili, na cha tatu. Mtu anayejisomea huwa anajua bahati inaishia wapi na jambo jingine linaanzia wapi, lakini nilichagua kuendelea kusema ni bahati.

Alistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Kwenye sherehe yangu hakufika, kwa sababu ya homa. Wiki iliyofuata akaja Magomeni kwa baiskeli ileile, au mtoto wa baiskeli ile, na kikapu. Safari hii ndani ya kikapu mlikuwa na mfuko wa saruji, umefungwa kwa ugwe.

"Nimekuletea zawadi ya kustaafu," alisema. "Nimeona mkorosho wako wa uani hauna mtu."

"Kiota kimoja?"

"Kimoja. Malkia yumo."

Nilimwuliza anajuaje. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeulizia bei ya sukari.

"Ukigonga tawi, wanaingia ndani," Selemani alisema.

Mke wangu alileta chai. Nikangoja aondoke. "Nani alikwambia?"

"Wewe."

"Sijamwambia mtu."

"Hukusema, Bwana Anselmi. Miaka yote hiyo nilikuwa chini ya ngazi, ulitaka nitazame nini? Majimoto mimi siwaoni vizuri, macho yangu mabovu tangu utoto. Nilikuwa nakutazama wewe. Ukigonga wakatoka, unakunja uso na kusogea. Ukigonga wakaingia, unaacha kupumua. Nilipokuwa peke yangu kule Ruvuma, nilimkodi mwenye macho mazuri, nikamwambia: gonga, uniambie wakiingia."

Alikunywa chai yake, akamsifu mke wangu kwa tangawizi, akauliza wajukuu wanasoma wapi ingawa alikuwa anajua. Nilipomsindikiza hadi barabarani, kila jirani alimsalimia kwa jina. Mimi nimekaa mtaa ule miaka yote hiyo.

Ng'ombe, alisema Bwana Chilumba, hajui hata kama yangeyange yupo.

Kiota nilikifunga kwenye mkorosho wa uani jioni ileile. Ningeweza kukifungua nikaangalia, lakini kufungua ni kuharibu, na kulikuwa na njia nyingine, ya kungoja. Kila asubuhi nimekwenda kutazama, na sitasema nilikuwa natumaini kuona nini. Ule mwezi wa kwanza ulipita, na wa pili. Sasa tuko mbali ndani ya wa nne. Wamevuka kwa kamba hadi kwenye mkorosho wa jirani, wameshona viota vitatu, na jana niligonga tawi la juu kwa ukucha wangu. Wakaingia ndani.

Hivyo nakujibu, binti. Ukimtafuta malkia na umekwama, nenda Mikindani kwa Mzee Selemani. Atakupokea vizuri, atakupa vitumbua, atakueleza kwa lugha nyepesi kuliko yangu. Na akishakueleza yote, mwulize alijifunza kwa kumtazama nani.